Hiki Hakikati

Alipokipokea hakukitazama kwanza. Alikilaza juu ya vidole viwili, kikaelemea upande mmoja, akakisogeza kidogo hadi kikatulia. Ndipo akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye ncha yake, pembe hadi pembe, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ukucha ulikwama katikati. Akaurudisha, ukakwama palepale.

"Wewe ulidhani nini?" aliniuliza.

"Patasi, mzee. Patasi iliyokufa makali."

"Hiki hakikati, mwanangu. Hiki kinashindilia."

Tulikuwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, chini ya banda la makuti. Mbele yetu palikuwa na jahazi juu ya magogo, mataruma yake bado yako wazi. Nilikuwa nimevuka bahari na kapu la vyuma na vijiti vilivyotoka kwenye kasha la babu mzaa mama. Babu alikuwa fundi wa vyombo Pangani. Alifariki nikiwa mdogo, kabla sijajua kuuliza jambo la maana, na kasha lake likakaa uvunguni miaka na miaka. Mama hakulitupa wala hakulifungua. Siku nilipolifungua nilikuta tezo mbili zisizo na mipini, msumeno, patasi tatu, vyuma viwili vilivyotanuka mwishoni mfano wa mkia wa samaki, kichuma chembamba kilichopondwa ncha, na kipande cha mti mgumu kiasi cha ngumi, chini kina shimo, juu kimelainika kama punje ya tasbihi. Tezo nilizijua. Msumeno nani asiyeujua. Patasi nilidhani nazijua. Vilivyobaki vilinitazama nami nikavitazama.

Chuma alichokishika yule fundi kilikuwa kimoja kati ya vile viwili vya mkia wa samaki, na pale ukucha ulipokwama palikuwa na mfuo, mwembamba, umekatwa kufuata urefu wa ncha. Mimi nilikuwa nimekishika chuma hicho mara nyingi na sikuuona.

Ubao wa jahazi haukai na mwenzake bila kuacha mwanya. Hata fundi awe hodari namna gani, mti ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na katika mwanya huo ndimo bahari inamopitia. Dawa yake ni kalafati. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, halafu hutiwa kwenye mwanya na kusukumwa ndani kwa chuma na nyundo, pigo baada ya pigo, hadi ikaze. Sasa chuma hicho kingekuwa na makali kingeikata pamba vipande vipande, na pamba iliyokatika haishiki. Kwa hiyo mhunzi alikifanya kinene tangu siku ya kwanza, akakitia mfuo ili pamba ikae humo isiteleze. Ule ubutu niliouita uzee ndio uliokuwa kazi yenyewe. Fundi akakitaja kwa jina, chembeu ya kalafati, na papo hapo kitu nilichokibeba kama chuma chakavu kikapata kwao.

Cha pili sikutaka kukitoa kapuni. Wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimekaa barazani na tupa na jiwe la kunolea, nikakisugua kile chuma jioni nzima kwa mapenzi yote ya mjukuu, nikakipa makali ya kuchongea. Niliamini namfanyia babu hisani. Mfuo wake ulikwishatoka wote, umekuwa unga mwekundu sakafuni, na mimi niliufagia. Nilipokitoa mwishowe, fundi alikishika, akakigeuza, akakiweka kando peke yake.

"Hiki sasa kitakata pamba," alisema, basi. Nimekaripiwa na wengi maishani, lakini maneno yale manne bado ninayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa ujuzi huu, wa kukitambua chombo ambacho mwenyewe hayupo. Wenye ujuzi huo si wengi na hawafanani. Mmoja ni fundi aliyeachia kazi mikono inatetemeka, mwingine ni mtunza makumbusho, mwingine anauza vyuma kwa kilo na hupunguza mwendo akiona kimoja kilichotengenezwa kwa akili. Wote nimewaona wakifanya jambo moja mwanzoni: hawasafishi. Kutu, ukoko wa mafuta, vumbi lililoganda penye kona, hayo kwao ni ushahidi. Brashi ya waya ikipita mara moja, ushahidi wa miaka hamsini umekwisha.

Kisha hutafuta mng'ao. Mti ukishikwa kila siku hunywa jasho na mafuta ya ngozi, ukawa na mng'ao laini usio na mwisho wala mwanzo, unaozama taratibu kwenye ubao. Mti ukisuguliwa na kamba hung'aa namna nyingine, mng'ao wenye mpaka, na ndani yake mistari inayokwenda upande mmoja. Ukisuguana na chuma huwa mweusi. Jicho lililozoea hutofautisha hayo matatu kabla hujamaliza kueleza ulikiokota wapi. Halafu hutazama kichwa: kimepondwa, na kama kimepondwa, ni kwa nyundo ya chuma au kwa rungu la mti? Chuma kikipigwa kwa chuma hujikunja kingo kama uyoga. Kikipigwa kwa mti hubaki kizima, kinakwaruzika tu. Na kama hakikupigwa kabisa, basi kilisukumwa kwa mkono au kwa kifua, na hapo kazi yake imeshahama kutoka kwenye nguvu kwenda kwenye utaratibu.

Patasi mojawapo ya babu, alinionyesha fundi, ilikuwa na vistari vilivyopishana shingoni, hafifu, vinavyoonekana ukiielekeza kwenye mwanga kwa ubavu. Ni meno ya tupa. Mhunzi alichukua tupa iliyochoka akaipasha moto, akaifua upya, akafanya patasi, na moto haukuweza kufuta yote. Chuma cha tupa ni kigumu na hushika makali. Kukitupa kungekuwa dhambi. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuwa na maisha mawili na yote mawili yakasomeka.

Kwa mtu anayetaka kujaribu jicho lake, chombo kizuri cha kuanzia ni kile anachokijua tangu utotoni. Chukua mbuzi ya kukunia nazi, iweke mbele yako, ujifanye hujawahi kula wali wa nazi. Unaona nini? Kibao kifupi, miguu inayopishana na kukunjika, na mbele ulimi wa chuma uliochomoza, mwisho wake umetandazwa mviringo na kukatwa meno. Utasema ni silaha, lakini silaha gani inayofungwa kwenye kigoda? Utasema ni kiti, lakini chuma kile cha nini? Sasa acha kukisia, tazama. Juu ya kibao pana mng'ao sehemu mbili, kushoto na kulia, kiasi cha mapaja. Kwa hiyo mtumiaji alikikalia, na uzito wa mwili wake ndio uliokishikilia chombo. Ikiwa mwili umefanya kazi ya jiriwa, mikono yote miwili ilikuwa huru, na kilichokunwa kilishikwa kwa mikono miwili. Meno yamelika zaidi juu na pembeni kuliko chini. Kwa hiyo kitu kile kilikuwa na uvungu, ulimi uliingia ndani yake, na mikono ilikizungusha huku ikikisukuma chini. Kwenye vinyweleo vya mti, chini ya ulimi, pana mafuta yaliyoganda. Umeshafika kwenye kifuu bila mtu kukutajia nazi.

Hapo ndipo jicho linapofikia kikomo. Hakuna uchakavu wala darubini itakayokwambia kwamba chombo hiki kinaitwa mbuzi. Jina hukaa mdomoni mwa watu tu, na jina likiondoka huondoka na mambo mengi: nani alikikalia, saa ngapi, na nyumba ilinukia nini. Leo sokoni kuna mashine ya kukuna nazi, dukani kuna tui la boksi, na nimeshasikia mtoto wa mjini akiuliza kile kigoda chenye ulimi kina kazi gani. Aliuliza vizuri, kwa heshima. Na bado yupo wa kumjibu.

Jicho lenyewe limefanyiwa elimu kubwa. Mwanaakiolojia wa Kisovieti, Sergei Semenov, alitoa kitabu mwaka 1957 akieleza namna ya kusoma zana za mawe kwa darubini: mikwaruzo inaelekea wapi, ukingo umemomonyoka vipi, mng'ao uko upande gani. Jiwe lililokata ngozi haliachiwi alama sawa na lililokata mfupa. Jiwe lililovuna nafaka hung'aa kwa namna yake, kwa sababu mabua ya nyasi yana silika ndani yake, na silika husugua jiwe hadi likapata mng'ao. Maelfu ya miaka baada ya mvunaji kufa, kipande cha jiwe bado kinasema kilivuna. Wazo lake ni lile la ukucha wa fundi wa Nungwi, limepewa lenzi.

Na pale ambapo hakuna uchakavu, ukimya wake nao ni habari. Huko Ulaya, katika nchi zilizokuwa majimbo ya kaskazini-magharibi ya dola ya Warumi, yameokotwa zaidi ya mia moja ya vitu vya shaba nyeusi vyenye nyuso kumi na mbili, ndani vitupu, kila uso na tundu la ukubwa wake, kila pembe na kifundo. Kimoja kilifukuliwa na wachimbaji wa kujitolea huko Norton Disney, Uingereza, mwaka 2023. Watu wamesema ni kipimo cha mashamba, ni kinara cha mshumaa, ni kifaa cha kufumia glavu. Lakini vitu hivyo havina ule uchakavu ambao kazi ya kila siku huacha, na hakuna maandishi ya Kirumi yanayovitaja. Wenye subira hawakikubali kifaa kuwa kifaa mpaka kioneshe kilipolika. Naupenda ukaidi huo. Ni rahisi mno kumpa mtu jibu ili mazungumzo yaishe.

Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu zana za mikono imetokana na watu waliowahi kuuliza kabla mlango haujafungwa. Henry Chapman Mercer wa Doylestown, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, alikuwa mwanaakiolojia aliyezoea kufukua vya kale kutoka ardhini. Mwaka 1897 alikwenda kwenye ghala la mwuza vitu vikuukuu kutafuta koleo la kushikia kuni. Akakuta lundo: magurudumu ya kusokotea nyuzi, mizinga ya nyuki ya majani, vyombo vya kuvunjia kitani, mashine za kusokota kamba. Vitu hivyo havikuwa vya kale. Wazazi wa watu waliokuwa hai walivitumia. Na tayari vilikuwa vimetupwa, kwa kuwa viwanda vilikwishachukua kazi yake. Mercer alitambua pale kwamba anachokitafuta ardhini kiko juu ya ardhi, na kinakwenda kupotea mbele ya macho yake.

Alianza kununua, na muhimu zaidi, alianza kuuliza. Alitaka kujua kila kimoja kilishikwaje, kilikuja baada ya kipi katika kazi, na kilikabidhi kazi kwa kipi. Mwaka 1916 alimaliza jumba la kuvihifadhi, la zege tupu kuanzia msingi hadi paa ili moto usipate cha kula, na humo akavipanga kwa kazi zake, chumba cha mtengeneza kofia mbali na cha mhunzi, mashua na magari ya farasi yakining'inia hewani katikati. Kitabu chake cha zana za maseremala wa kale kilitoka mwaka 1929. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1933 wapenzi wa zana nchini humo wakaunda chama chao. Miongoni mwa watu wa namna hiyo, mkutano haukamiliki bila mtu kutoa mfukoni kitu kisichojulikana na kukipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akikipima uzito, hadi kimfikie yule ambaye baba yake alikuwa nacho.

Uingereza walikuwa na Raphael Salaman, mhandisi kwa kazi, mkusanyaji kwa moyo. Kamusi yake ya zana za kazi za mbao, inayohusu miaka ya 1700 hadi 1970, ilitoka mwaka 1975, na ya zana za ngozi ikafuata mwaka 1986. Ni kamusi kweli: unafungua, unatafuta jina, unakuta mchoro na maelezo ya kazi. Nikiwa na kitabu kama hicho huwa nakwenda moja kwa moja kwa watengeneza mapipa, maana hapo pana vyombo vya ajabu kupita vyote. Kuna shoka la kuchongea mbao za pipa ambalo lina makali upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa bapa kama meza, na mpini wake umepindishwa nje. Ukilikuta ghalani utadhani limeharibika, mpini umepinda kwa unyevu. Kumbe umepindishwa makusudi: shoka linatambaa kando ya ubao, na mpini ukiwa umenyooka, vidole vya fundi vingesagwa kwenye mti kila pigo. Upindo ule ni huruma kwa vidole. Na kwa kuwa ubapa lazima uwe upande wa ubao, shoka la mtu wa mkono wa kulia halimfai mtu wa mashoto. La mwenye mashoto lilifuliwa kinyume.

Randa yao ndefu kabisa haikusukumwa juu ya mti. Iliegemezwa chini juu, kichwa kimoja kimeinuliwa na makali yanatazama mbinguni, na fundi ndiye aliyeusukuma ubao wa pipa juu yake. Mtu anayedhani randa siku zote hutembea na mti hukaa, atalitazama gogo lile lenye miguu na wembe tumboni na asifike popote. Makosa mengi ya utambuzi yako hapo. Tunadhani chombo ndicho kinachotembea.

Kuna jambo moja ambalo hawa waandishi wa kaskazini hawakusumbuliwa nalo sana, nasi linatusumbua kila siku, nalo ni mchwa. Meli ya kivita ya Mfalme Henry wa Nane, Mary Rose, ilizama mbele ya Portsmouth mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Ndani yake walikuta vifaa vya seremala wa meli, na sehemu kubwa ya vyuma ilikuwa imeliwa na maji ya chumvi. Mti ulisalia. Wataalamu wakawa na mipini bila nyundo, vishikio bila wembe, na wakalazimika kuanza na mahali mkono ulipokuwa ili wajue chuma kilikuwa kipi. Huku kwetu ni kinyume. Kasha likikaa uvunguni, mchwa hula mti kwa raha zake na kuacha chuma. Tezo zangu mbili zilikuwa hazina mipini, na tezo isiyo na mpini mtu wa bara atadhani ni kijembe cha kupalilia. Ilibidi fundi anionyeshe kwamba makali yamenolewa upande mmoja tu, ule unaotazama mpini, na kwamba juu ya makali, ndani, chuma kimeng'aa pale ambapo vibanzi vya mti viliteleza kwa miaka. Palizi haileti mng'ao wa namna ile. Mchanga hukwaruza.

Na viko vyombo ambavyo hata chuma havikuwa nacho. Maseremala wa zamani wa pwani walilainisha mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, makavu, makali kama ulimi wa paka. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la mti. Hakuna kasha litakalotunza jani. Yule anayesema msasa leo kwa mwuza duka anataja chombo kilichopotea bila kujua, na hilo hunigusa kila ninaposimama kaunta.

Lakini nilikuwa Nungwi, na kapuni palikuwa pamebaki vitu viwili: kile kichuma chembamba na kile kipande cha mti cha ukubwa wa ngumi. Fundi alikuwa ameviona tangu mwanzo na kuviacha makusudi. Sasa alikichukua kipande cha mti, akakipindua, akanionyesha shimo. Ndani palikuwa peusi, weusi wa kuungua, panang'aa kama kioo.

"Kimeungua kwa nini, na hakuna moto?"

Nikafikiri. "Kwa kusuguana."

"Na nini?"

Sikujua. Akachukua kichuma, akakisimamisha wima mchangani, akakishika kipande cha mti juu yake kwa umbali wa shibiri moja, akaniachia hewa iliyokuwa katikati niitazame.

"Hapa katikati pana mtu hayupo," alisema.

Kichuma ni kijembe. Kipande cha mti ni jivu, jina lilelile la majivu ya jikoni. Asiyekuwepo ni msukano, mti wa duara unaoshika kijembe kwa chini na kuzunguka ndani ya jivu kwa juu, na mchwa ndiye aliyeufaidi. Pembeni palitakiwa pawe na uta na kamba yake: kamba huzungushwa kwenye msukano mara moja, uta ukavutwa na kurudishwa, msukano ukazunguka huku na huku, kijembe kikala mti. Vyote kwa pamoja ni keke. Majina hayo manne yamo katika kamusi za zamani za Kiswahili, na kwa siku nyingi niliyapita nikidhani ni maneno tu.

Keke ndiyo iliyotoboa kila tundu la msumari katika vyombo vya pwani hii, maana msumari ukigongwa kwenye mti mgumu bila tundu hupasua ubao, na ubao wa jahazi ni mali. Siku hizi wengi wana drili ya umeme, na sina neno, kazi ni kazi. Lakini katika kaburi la Rekhmire, waziri wa mafarao, ng'ambo ya mto kule Luxor nchini Misri, kuna picha ukutani ya seremala anayetoboa kiti: mkono mmoja uko juu ya kishikio, mwingine unavuta uta. Picha ile ina zaidi ya miaka 3,400. Mpeleke mbele yake fundi yeyote wa Nungwi au wa Matondoni kule Lamu, hatahitaji kusomewa maelezo.

Fundi akaliweka jivu kwenye kiganja cha kushoto, kama inavyotakiwa, maana mkono wa kulia ndio uvutao uta. Akatulia. Akaligeuza, akalirudisha. Halikukaa. Lilielemea nje, kama kiatu cha mguu mwingine. Akalihamishia kiganja cha kulia, akafumba vidole, na likazama. Palipochimbika pakaingia nyama ya chini ya dole gumba, na ule upande mwembamba ukaangukia kwenye kidole cha shahada. Alilifumba na kulifumbua mara tatu.

"Babu yako alikuwa wa mashoto," alisema.

Sikuwahi kuambiwa hivyo. Nilitoka nje ya banda, nikampigia simu mama.

"Shikamoo mama. Babu alikuwa anatumia mkono wa kushoto?"

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Nani kakwambia?" akauliza. Kisha akaeleza, polepole. Chuoni walimpiga hadi akaandika kwa kulia. Alikula kwa kulia, alisalimia kwa kulia, na nje ya nyumba hakuna aliyejua. "Ila bandani," mama alisema, "bandani hakuna aliyemkataza."

Niliporudi, fundi alikuwa amechagua kijiti cha mti mkavu na kukichonga duara kwa tezo yake. Kijembe cha babu kilikuwa kimeshapachikwa mwishoni. Uta aliutoa kwenye keke yake mwenyewe, iliyokuwa imening'inia juu ya boriti. Akazungusha kamba, akanisogezea kipande cha ubao, akanikabidhi.

Nililishika jivu kwa mkono wa kushoto na likanikataa, kama lilivyomkataa yeye. Ikanibidi nilihamishie kulia, na uta niuvute kwa kushoto, mkono ambao haujawahi kunifanyia kazi yoyote ya maana. Kijembe kiliruka mara ya kwanza, kikaruka mara ya pili. Mara ya tatu kikauma, kamba ikalia, na unga wa mti ukaanza kutoka.